Magari ya Bamba, Saa ya Matangazo

Mimi ni mwoga tangu utotoni, na sioni haya kulisema. Wapo wanaoogopa nyoka, wapo wanaoogopa wachawi. Mimi niliogopa kitu chochote kilichoingia nyumbani bila karatasi ya kuonyesha kimetoka wapi. Miaka ile ungekuwa na haki ya kuogopa hivyo. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na aliyekutwa na katoni mbili za bidhaa bila risiti aliitwa mlanguzi. Mwenye duka mmoja pale Temeke, mtaa wa tatu kutoka kwetu, alichukuliwa saa nne asubuhi akiwa na kandambili miguuni. Miezi ikapita, na mkewe alikuwa bado anampelekea chakula bila kujua kama kinamfikia.

Kwa hiyo Jumapili ile kaka yangu alipoingia ndani na boksi kifuani, akaniambia nifunge mlango, nilifunga na dirisha kabla sijajua mna nini.

Tulikuwa tunaishi wawili tu katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Mama alikuwa amerudi kwao Lindi. Kaka alikuwa fundi redio, na mimi nilikuwa navisha makochi kwenye karakana moja Keko: nakata sponji, napigilia kitambaa, nashona pembe. Ndani ya boksi mlikuwa na magari mawili, hayafiki dhiraa moja kwa urefu, na kisanduku cheusi chenye antena ndefu, cha kuyaongozea kwa mbali. Magari yenyewe hayakuwa na sakafu wala milango kama magari ya kuchezea. Kila moja lilikuwa bamba moja tambarare, limefungwa mota nyuma, betri katikati na magurudumu ya sponji pembeni, halafu juu linavikwa ganda jepesi la plastiki. Yalitengenezwa kukimbia ndani ya nyumba, juu ya zulia.

Yalikuwa ya mhandisi wa kigeni wa mradi wa barabara. Yeye na wenzake walikuwa na ukumbi wao upande wa pili wa mji, wametandika zulia ukuta kwa ukuta, na kila Jumamosi mchana walishindana humo. Kaka aliwatengenezea visanduku vyao vilipoharibika. Sasa mhandisi alikuwa anarudi kwao, akampa kaka magari yote mawili, na akamkaribisha kwenye mashindano ya mwisho, wiki nne mbele.

"Karatasi yake iko wapi?" nikamuuliza.

"Karatasi ya nini? Nimepewa."

"Nani atakuamini umepewa?"

Kaka alikuwa analigeuza gari mkononi, anapuliza vumbi kwenye springi. Baadaye akasema, "Wamezoea kuniona nimeinama na chuma cha kulehemu. Nataka siku moja wanione nimesimama."

Nilimwelewa, na kumwelewa kukanizidishia woga. Maana magari yalikuwa nusu tu ya tatizo. Kile kisanduku kilikuwa kinarusha mawimbi, na kaka mwenyewe ndiye aliyewahi kunifundisha kwamba hairuhusiwi kuwa na chombo cha kurusha mawimbi bila kibali. Vita havikuwa vimeisha zamani, na neno jasusi lilikuwa bado halijakauka midomoni mwa watu. Bidhaa za kigeni bila risiti, antena bila kibali, na kaka ninaye mmoja tu.

Kwanza ilibidi achague, kwa sababu betri zilizokuwa nzima zilitosha gari moja tu. Gari la kwanza lilikuwa na bamba la aluminiamu, zito, linakwenda moja kwa moja na linapinda taratibu. La pili lilikuwa na bamba la faiba, jepesi, lina mbio za kutisha, lakini mkia wake ulikuwa hautulii: ukilipindisha ghafla linazunguka na kutazama lilikotoka. Mimi nilipenda lile zito. Kaka akanicheka.

"Wewe ungeweza ungechagua lisilokwenda kabisa," akasema. Akanieleza kuwa shindano ni dakika nane, na lile zito linamaliza betri kabla ya kumaliza shindano. Gari jepesi linaweza kufundishwa adabu, lakini zito huwezi kulifundisha wepesi.

Na adabu yenyewe, kwa sehemu kubwa, nililifundisha mimi. Matairi yake ya zamani yalikuwa yamekwisha, na sponji ndiyo kazi yangu. Nilileta vipande kutoka Keko vya kila aina, hata ya magodoro, kaka akavibonyeza kimoja kimoja kwa kidole gumba. Mbele tukaweka sponji ngumu, nyuma laini, ili mkia ushike zulia na pua isichimbe sana. Nilikata duara kwa kisu cha karakana, tukabandika kwa gundi ya washona viatu, kisha kaka akawa anazungusha mota huku mimi nimeshika msasa, hadi tairi likawa mviringo kamili na mapua yangu yamejaa vumbi la sponji. Kimo cha bamba kutoka chini alikipima kwa sarafu: ikipita kwa shida, sawa, ikipita kwa raha, gari liko juu mno. Nyuma palikuwa na difu, ile gia inayoyaacha magurudumu mawili yapishane mwendo kwenye kona, ya gololi ndogo ndogo, ambayo ilitaka kukazwa kwa kiasi. Ukiikaza sana gari linakataa kona, ukiilegeza gololi zinateleza na kulia. Aliikaza na kuilegeza jioni tatu mfululizo.

Halafu kulikuwa na dawa ya kuchua. Wale wageni walikuwa wakipaka matairi mafuta fulani ili sponji ishike zulia, na kaka alivyoyanusa akasema haya si mengine, ni dawa ya kuchua misuli. Tukanunua chupa. Nyumba ikanuka kama kuna ajuza amelala ndani. Jirani mmoja akanisimamisha kisimani kunipa pole ya mgongo, nikaipokea, na kutoka siku hiyo nikalazimika kutembea nimejishika kiuno.

Zulia nililipata karakanani. Hoteli moja ya ufukweni kule Kunduchi ilikuwa imeleta viti vivishwe upya, vikiwa vimefungwa kwa zulia kuukuu la kijivu, nao hawakulitaka tena. Tukalitandaza ukumbini kwetu, kutoka mlango wa mbele hadi wa uani. Kaka alikuwa anasimama na kisanduku chake, gari linakwenda na kurudi, linachora mizunguko myeusi ya mafuta. Uso wake saa hizo ulikuwa wa mtoto. Nilitamani nifurahi naye. Lakini mota ilikuwa na mlio mwembamba unaopenya ukuta, na kila ulipopanda, mimi nilikuwa dirishani nachungulia.

Ndipo nikatoa ushauri ambao hadi leo ningelipa kuurudisha kinywani. Kila jioni, jua likiwa bado halijazama, redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo: jina la marehemu, kijiji chake, kisha ndugu wanaopewa habari popote walipo. Hapakuwa na simu mitaani kwetu. Huo ndio ulikuwa mdomo wa misiba nchi nzima. Saa hiyo kila nyumba ilipandisha redio hadi mwisho.

"Tuliendeshe saa ya matangazo," nikamwambia kaka. "Redio zote ziko juu. Hakuna atakayesikia mota."

Akaniambia nina akili kuliko ninavyoonekana.

Siku ya tano tangu tuanze hivyo, balozi wetu wa nyumba kumi alibisha hodi. Dirisha lake lilitazamana na letu, hatua nne tu katikati. Alikuwa mtu wa Kilwa, mpole, aliyeshona magunia kwenye maghala ya bandari miaka mingi mpaka vidole vikapinda. Lakini balozi ni balozi. Yeye ndiye aliyejua nani kalala kwa nani, na neno lake likifika ofisi ya tawi la chama lilikuwa limefika serikalini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Fundi yupo?" Redio yake alikuwa ameifunga kwa kanga, ameikumbatia. "Imeniugulia hii. Mchana kutwa ni nzima. Ikifika matangazo ya vifo inakwaruza kama mtu anakaanga dagaa. Na saa hiyo ndiyo naihitaji, nina mgonjwa huko kwetu Kilwa."

Kaka aliipokea kwa mikono miwili. Mzee alipotoka, kaka akakaa chini juu ya zulia.

"Ni mota," akasema. "Inatoa cheche, cheche zinaingia kwenye redio yake."

Dawa ya cheche ilikuwepo. Ni kapasita tatu ndogo kama punje za choroko, zinalehemewa kwenye mota, basi. Na kaka alikuwa nazo tatu hasa, za mwisho, katika mwaka ambao hata waya wa kulehemu ulikuwa unatafutwa kwa tochi. Nikamwambia aziweke upesi kwenye mota.

"Nikimrudishia redio bila kuigusa," akasema, "ataipeleka kwa fundi mwingine. Huyo atamwambia nzima. Wakishajua redio ni nzima, watatafuta kinachokwaruza."

Basi akazilehemu zile kapasita ndani ya redio ya mzee, mahali ambapo hazikuwa na kazi yoyote, ili apate kusema amebadilisha vitu vitatu. Nilimshikia taa na nikamwona ana akili. Woga ukikaa kichwani, upumbavu wote unaonekana busara.

Tulilifunga gari siku nne. Redio ikapona, mzee akatuletea mihogo ya shukrani, tukaila kwa shida. Lakini mashindano yalikuwa yamebaki wiki moja na siku mbili, na mkia wa gari ulikuwa bado unacheza kwenye kona ya kushoto. Kaka akasema dakika tano tu. Jioni ya pili zikawa kumi. Jumanne akalipatia kabisa: lilizunguka ukumbi mzima bila kuteleza, tukashikana mikono. Nilisahau kwenda dirishani siku hiyo.

Alhamisi balozi akaita kikao barazani kwake. Alionekana amechoka. Alisema mkwaruzo umerudi, tena si kwake tu, na kwamba ameshalipeleka jambo tawini. Wamesema huenda kuna mtu ana chombo cha kurusha habari. Watakuja na mgambo kupekua nyumba zote kumi, siku yoyote kuanzia Jumamosi. Bibi mmoja akasema ni jini. Hakuna aliyecheka. Mimi nilijishika kiuno, na safari hii kiliniuma kweli.

Kaka alitaka kuvitupa kwenye pori la Keko. Watu walikuwa wanatupa vitu vyao hivyo, redio, mashuka, hata sukari. Lakini nilimwona anavyolishika lile gari la faiba, nikasema nipe mimi. Asubuhi nikavitia vyote kwenye kikapu, nikafunika mchicha, nikaenda kazini kwa miguu. Kila aliyenisalimia njiani nilimwona ana macho ya tawi.

Karakanani kulikuwa na makochi mawili yaliyokwisha kushonwa. Moja lilikuwa la watu wa arusi Chanika, la kuchukuliwa mwisho wa mwezi, na la pili sikujua la nani. Yote yalivikwa kitambaa kilekile cha kijani, kwa sababu mwaka ule kiwanda kilitupa jora la aina moja tu, na ukiona kochi la kijani popote mjini ujue limetoka Keko. Mafundi walipokwenda kunywa chai nilifumua kiti cha kochi la Chanika, nikachimba sponji, nikalaza magari yote mawili na kisanduku, antena nimeikunja. Nikashona upya mshono wangu mdogo mdogo, na chini nikapiga alama ya chaki.

Mchana nilitumwa kununua misumari. Niliporudi palikuwa na kochi moja.

"Lile jingine?" nikamuuliza fundi mkuu.

"La balozi wenu. Mkokoteni umeondoka sasa hivi. Kaliagiza tangu mfungo, maskini, kasema anataraji wageni."

Nililipindua lililobaki. Halikuwa na alama ya chaki: yalifanana, wakapakia lenye magari.

Nilipomweleza kaka, hakunigombeza. Alitoka uani akanawa uso. Kisha akaanza kunionyesha ufunguo wa kabati uko wapi, nani ana redio yake humo, nani hajachukua. Alikuwa anausia. Nikamwambia aache, tukakaa.

Jioni hiyohiyo ya Ijumaa nilijikaza nikaenda kwa balozi, nijifanye natazama kazi yangu. Nilimkuta amekaa peke yake juu ya kochi, redio mapajani, imezimwa.

"Shikamoo mzee. Kochi limekaa vizuri?"

"Marahaba. Limekaa." Akavuta hewa puani. "Lina harufu ya mgonjwa, mwanangu. Kama dawa ya kuchua."

Nikasema ni gundi. Akasema, "Ala, gundi." Nilirudi kwetu.

Walikuja Jumamosi saa tatu, siku ileile ambayo kaka alitakiwa awe ukumbini kwa wageni. Mtu mmoja wa tawi na wanamgambo wawili. Nyumba yetu walianza nayo, kwa kuwa ni ya fundi redio. Walimwaga makopo ya skrubu, wakanusa, wakaniuliza nani anaumwa, nikasema mimi. Wakaliona zulia na mizunguko yake myeusi, kaka akasema ni mafuta ya baiskeli. Hawakukuta kitu, lakini hawakumwachia. Wakamchukua hadi sebuleni kwa balozi wamhoji mbele yake, nami nikafuata hadi mlangoni.

Mwanamgambo mkubwa alikaa kwenye kochi la kijani. Alikaa upande uleule. Nilimwona anajisogeza, anajisogeza tena, kisha anapeleka mkono chini ya paja lake. Kaka alikuwa amesimama katikati ya chumba, anatazama sakafu, na mtu wa tawi anamuuliza kwa mara ya pili mkwaruzo ule yeye kama fundi anausemaje.

"Njoo huku ndugu yangu," balozi akamwambia yule mwanamgambo, akimpisha nafasi yake. "Hapo sponji haikukaa. Fundi wa kochi ndiye huyo mlangoni, nimeshamwambia atalirekebisha." Kisha akamgeukia mtu wa tawi. "Na hilo la mkwaruzo, mie niliwasumbua bure. Redio yangu ndiyo mbovu. Kijana huyu aliitengeneza, ikaharibika tena. Kuukuu hiyo."

Yule wa tawi alikasirika, akasema watu wazima wasiipotezee serikali muda. Balozi akaomba radhi. Akaomba tena. Mzee mwenye mvi anaomba radhi kwa mtu wa umri wa mwanawe, na sisi wawili tumesimama tunatazama.

Jumatatu kochi lilirudishwa Keko kwa mkokoteni, naye balozi akaja nyuma yake kwa miguu. Fundi mkuu akaniambia nilifumue. Nikakigeuza kiti, nikaona mshono si wangu. Ulikuwa mpana, wa kamba ya katani, uliopigwa kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Alikuwa ameshafungua. Alikuwa ameona kila kitu kabla ya Jumamosi, akafunga kwa mkono wake.

Nikapiga magoti pale kwenye takataka za sponji. "Nisamehe, baba."

"Inuka, watu wanatazama." Alichuchumaa karibu yangu, akawa anachezea kipande cha kitambaa. "Kile kidude kinafanya nini?"

Nikamwambia kinaongoza gari. Gari linakimbia juu ya zulia, basi. Hakuna habari inayopelekwa popote.

"Basi?"

"Basi, baba."

Alikikunja kile kipande mara mbili. Halafu akasema, "Dada yangu alifariki Kilwa. Walimtangaza Jumanne ile jioni. Mie nilikuwa nimekaa na redio, nikasikia kijiji chetu, jina likaliwa na mkwaruzo. Nikasema labda mwingine. Juzi kaja mtu wa basi kunipa pole. Wameshazika." Akaweka kitambaa chini. "Alininyonyesha yule, mama alipokufa. Ningejua ningefika."

Jumanne ile ndiyo tuliyoshikana mikono.

Nilimwambia ukweli wote, kwamba hata saa ile niliichagua mimi. Alisema nimshonee kochi lake kabla ya arobaini, kwa kuwa wageni aliowataraji walikuwa wa kuja na dada yake mjini kwenye matibabu, na sasa watakuja bila yeye.

Kaka hakuwahi kuendesha tena. Magari aliyafungua skrubu moja moja, akayatia kwenye kopo, na kapasita akaziacha ndani ya redio ya mzee. Siku ya arobaini balozi alikuwa na mikeka michache, wanaume wengi. Kaka akalikunja lile zulia la kijivu, akalivusha zile hatua nne begani, akalitandaza mwenyewe. Watu wakakaa wakaanza kusoma hitima. Harufu ya dawa ya kuchua ilipanda chumba kizima, na kaka alikaa kwenye mizunguko myeusi, kanzu ameitandaza ili iifunike, hadi dua ya mwisho.